Mizani Ikikataa

Kuna watu wanaozaliwa waongo, na kuna wanaofundishwa uongo na mapenzi. Ratili alikuwa wa kundi la pili, na uongo wake wote ulikuwa wa kilo mbili tu, kila Jumatatu asubuhi, kwa muda wa miaka mitatu, ukiacha ule wa mwisho.

Kazi yake ilikuwa kupima watu. Enzi hizo ndege zilikuwa ndogo, za rafadha mbili na viti ishirini na kimoja, na hakuna aliyepanda kabla ya kusimama juu ya mizani pamoja na kila alichoshika mkononi. Uso wa mizani, wenye mshale, ulielekezwa kwa mpimaji peke yake ili watu wanene wasiaibike mbele za wenzao. Ratili alisoma mshale, akaandika uzito kwenye kadi ya abiria, akauandika tena kwenye karatasi ya rubani, basi. Marubani ndio waliompa jina hilo la Ratili, kwa kuwa kwenye hesabu hakuwa na mchezo. Mfanyabiashara mmoja alizoea kubana pumzi juu ya mizani, akidhani hewa ya kifuani nayo ina uzito. Ratili alimngoja tu, kalamu mkononi, mpaka yule bwana akatoa macho na kuhema, ndipo akaandika: mia moja na kumi.

Aliyemharibia sifa hiyo ni mhudumu mmoja wa ndege ambaye wenzake walimwita Chiriku. Alikuwa msemaji kweli. Abiria mwoga akishika kiti kwa mikono miwili, Chiriku alimwinamia na kuanza kumsimulia habari za paka wa jirani yao, na kabla paka hajafa ndege ilikuwa imeshatua. Wahudumu walipimwa kila Jumatatu, na aliyepita kilo hamsini na saba alivuliwa sare kwa wiki mbili. Chiriku alipenda mkate. Jumatatu ile ya kwanza mshale ulisimama kwenye hamsini na nane, naye Ratili akaandika hamsini na sita.

“Kaka,” Chiriku alimnong'oneza baada ya kuiona kadi, “mbona umeniibia kilo mbili?”

“Sijaiba. Nimekuwekea.”

“Za nini?”

“Siku ukizihitaji utakuja kuzichukua.”

Chiriku alicheka mpaka mkuu wa uwanja akageuka kutazama. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haya yaliwakohoza uwanja mzima ukasikia.

Lakini hayo yalikuwa yamepita. Miezi mitatu nyuma Ratili alikwenda kwa kina Chiriku kuposa, amevaa koti la kuazima. Baba mtu alikuwa kitandani, nusu ya mwili imelala, kwa hiyo aliyejibu ni shangazi. Ratili akamwita “Shangazi” kwa adabu, akakatwa kauli papo hapo.

“Mimi si shangazi yako. Sisi hatumwozi mtoto wetu kwa mtu anayesimama mlangoni akipima makalio ya watu.”

Wiki hiyohiyo baba alitoa neno lake kwa mhandisi mmoja wa madaraja, aliyekaa mji wa mbali. Chiriku alimfuata Ratili nyuma ya ghala la mizigo, akilia, akamwomba wapambane pamoja. Naye, kwa kuwa bado alikuwa na kidonda cha yale maneno, akamjibu jibu la kijinga ambalo wanaume hujibu wakitaka kuonekana hawakuumia: “Nenda kwa mhandisi wako. Mimi mpaka kesho nitakuwa nimeshasahau.” Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kila Jumatatu Chiriku alipanda juu ya mizani, akashuka, akachukua kadi yake ya hamsini na sita. Jumatatu ya mwisho alirudisha sare, kwani kampuni haikutaka mhudumu mwenye mume.

Na leo ilikuwa Alhamisi, siku pekee ya juma iliyokuwa na ndege ya kwenda kwa mhandisi. Harusi Jumamosi. Jumapili bwana harusi angepanda meli kwenda ng'ambo kwa miaka minne, na alikwisha kusema kwa barua kwamba hatamngoja mtu: mke awepo Jumamosi, asipokuwepo yeye atajua amekataliwa, na wao wabaki na mtoto wao.

Saa nane mchana joto lilikuwa la kuokea mikate. Siku za joto namna hiyo ndege huwa nzito kuinuka, kwa hiyo rubani alikuwa amepunguza uzito. Mizigo ilikuwa imeshaingia tumboni mwa ndege na mlango wake kufungwa. Abiria ishirini walikuwa wamepimwa. Ratili alijumlisha mara mbili, akaweka kalamu chini. Nafasi iliyobaki ilikuwa kilo sitini, na abiria aliyebaki ni mmoja, wa mwisho kwenye orodha. Hakuhitaji kusoma jina.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mzee wa ghala la mizigo, ambaye walimwita Kufuli kwa sababu alifunga kila kitu, hata kikombe chake cha chai kilikaa kwenye sanduku lenye ufunguo.

“Ratili, mawe yangu ya mizani yamepotea! Mawili, ya kilo mbilimbili!”

“Mzee, wewe uibiwe? Mwizi huyo apewe nishani.”

“Usinifanyie mzaha. Sanduku sikulifunga mara moja tu leo, nilipokwenda kumletea maji yule binti yetu, Chiriku. Alikuja kuniaga, maskini. Kurudi, naye hayupo, na mawe sikuyatazama mpaka sasa.”

“Yatakuwa chini ya magunia.”

“Chini ya magunia nimeshatazama!” akafoka, akaondoka akitukana panya, wapagazi na serikali ya ghala lake mwenyewe.

Ratili hakuliwaza tena jambo hilo. Mlango wa mbele ulikuwa umefunguka, na Chiriku alikuwa ameingia.

Amekonda. Hilo ndilo aliloliona kwanza, kwa jicho la kazi na kwa jicho la moyo. Alivaa koti zito la sufu, la kijivu, lililotumwa na mhandisi kwa ajili ya baridi ya ng'ambo, na katika joto lile jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso. Mikono yake yote miwili alikuwa ameitia mifukoni. Nyuma yake alikuja shangazi, mwanamke mrefu, mkoba mweusi kifuani, macho hayambanduki mpwa wake.

“Huyu ndiye wa mwisho,” shangazi alisema. “Tafadhali tusicheleweshwe.”

“Hatuchelewi, Mama,” alijibu Ratili. “Vua koti kama una joto, dada.”

“Havui,” shangazi akadakia. “Koti la mumewe hilo. Lazima ashuke nalo mwilini, wakwe wakimpokea waone limepokelewa.”

Shangazi yule angeacha mtu kabla ya kuacha koti. Chiriku alisogea mpaka mezani, akasimama karibu kuliko abiria wanavyoruhusiwa, na macho yake yakashuka kwenye karatasi ya rubani. Miaka mitatu alikuwa akiibeba karatasi hiyo kutoka kwa Ratili kuipeleka kwa rubani, aliweza kuisoma hata kichwa chini. Ratili aliifunika kwa kiganja, akidhani amewahi.

“Hujambo?” akamuuliza.

“Sijambo. Wewe je?”

“Mzima tu.”

“Umeshasahau?”

Swali lilikuja kwa sauti ya chini, likamkuta hana ngao. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, mtoto anayejifunza kusema huanza nalo. Lakini shangazi alikuwa hatua mbili nyuma, abiria ishirini wanajipepea kwa kadi zao, na haya ya mwanaume ikamshinda.

“Panda juu ya mizani,” akasema.

Chiriku alitazama chini kidogo, kisha akainua uso. “Ratili, pima vizuri leo. Soma kama ilivyo.”

“Mimi husoma kama ilivyo siku zote.”

“Mwongo.” Akataka kutabasamu, midomo ikakataa. “Zile kilo zangu mbili ulizoniwekea. Leo nazitaka.”

“Kilo gani tena?” shangazi akauliza.

“Habari za kazi, shangazi.”

Ratili aliyapokea maneno hayo kama kofi. Aliyaelewa hivi: kwamba Chiriku hataki tena hisani yake, anataka kuondoka bila deni la upendo. Haya, akasema moyoni, hata hilo lirudishwe. Chiriku akapanda. Mizani ikalia kidogo kama ilivyozoea, mshale ukayumba, ukatulia.

Sitini na mbili.

Alikodoa macho. Mtu amekonda hivi, kilo zimetoka wapi? Koti, akajijibu. Koti na viatu vya safari. Sufu ya ng'ambo ni nzito. Halafu akili yake ya hesabu, ambayo haikujua kulala hata moyo ukiwaka moto, ikamwambia jambo ambalo lilimfanya ashike ukingo wa meza. Sitini na mbili kwenye nafasi ya sitini. Imezidi mbili. Na sheria ya uwanja ilijulikana na kila mtu: uzito ukizidi, abiria wa mwisho kwenye orodha anabaki mpaka ndege ya wiki ijayo.

Wiki ijayo hakuna harusi. Wiki ijayo mhandisi yuko katikati ya bahari.

Na Ratili asingekuwa na kosa lolote! Hakuhitaji kudanganya wala kugombana na mtu. Alihitaji kuandika ukweli tu, namba mbili, na Chiriku angebaki. Moyo ulimwenda mbio mpaka akahisi mapigo kwenye meno. Aliwaza Jumatatu zote zilizobaki duniani. Aliwaza mkate, chai, na mwanamke anayesimulia habari za paka.

Kisha akamtazama Chiriku. Alikuwa amefumba macho. Jasho linamtoka, midomo inatetemeka, na Ratili, ambaye aliweza kusoma mshale wa chuma lakini uso wa mwanamke ulimshinda, alisoma humo hofu ya bibi harusi anayeogopa kukosa ndege. Aliona aibu atakayoipata akirudi nyumbani na koti lake. Aliona baba kitandani akiambiwa neno lake limevunjwa. Na akajiona yeye mwenyewe, mwizi anayejificha nyuma ya sheria, anamzuia mtu aliyemwambia kwa kinywa chake aende.

La, hapana. Ikiwa alimpenda kweli, basi ampende hata leo.

Kilo chache haziangushi ndege, kila rubani huweka akiba yake. Ratili akachukua kalamu, akaandika hamsini na sita kwenye karatasi, na hamsini na sita kwenye kadi. Akampa.

Chiriku alifumbua macho, akaisoma. Rangi ilimtoka usoni.

“Umesoma vizuri?”

“Nimesoma.”

“Soma tena.”

“Ewe!” shangazi akashangaa. “Mtu anaambiwa ni mwepesi naye anabisha! Wenzako wanajinyima chakula wapate namba hiyo.”

“Ratili, nakuomba. Soma tena.”

“Usiwe na wasiwasi,” akamwambia kwa upole, na katika upole huo alitia kila kitu alichokuwa nacho. “Ni kama zamani. Utaondoka.”

“Nitaondoka,” Chiriku alirudia, kama mwanafunzi anayefundishwa neno la lugha ngeni. Akashuka kutoka kwenye mizani taratibu. “Kumbe kweli umeshasahau.”

“Safari njema, dada.”

Alimwita dada. Siku za baadaye, kati ya yote, ni neno hilo lililokuwa likimwamsha.

Kengele ya abiria ikalia. Watu wakaanza kutoka kuelekea uwanjani. Shangazi alimkumbatia mpwa wake, akamtengeneza ukosi wa koti, akampa mawaidha ya dakika tatu ambayo Chiriku hakuyasikia. Karibu na mlango palikuwa na benchi la mbao. Chiriku alikaa hapo kidogo akiwa amempa Ratili mgongo, akainama kama anayefunga kiatu. Kisha akasimama, mikono yake sasa ikiwa nje ya mifuko, mitupu, na akatoka kwenye jua. Alitembea kwa wepesi mno. Kwenye ngazi ya ndege aligeuka mara moja. Ratili alimpungia mkono, akijivunia kwamba hakulia. Chiriku hakupunga.

Rafadha moja ikazunguka, ikakohoa moshi, na ya pili ikafuata.

“Haya! Haya! Nilisema mimi!” Ilikuwa sauti ya Mzee Kufuli, aliyekuja kutazama ndege ya Chiriku ikiondoka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi. “Mawe yangu haya hapa! Nani ameyaleta huku? Tena yana joto, kama yametoka kwapani mwa mtu!”

Ratili aligeuka. Mzee alikuwa ameshika mawe mawili ya chuma, kila mkono moja, na uzi wa sufu ya kijivu ulikuwa umenasa kwenye pete ya moja.

Mbili na mbili, nne. Hamsini na nane, koti likiwamo, na nne, sitini na mbili.

Akili yake haikuchelewa, ni yeye tu aliyechelewa. Macho ya Chiriku yalipokwenda kwenye karatasi ya rubani yalikuwa yakitafuta nafasi iliyobaki. Hakuweza kumkataa mhandisi kwa mdomo, baba alikuwa ameshatoa neno, shangazi alikuwa hambanduki. Lakini mizani ikikataa, nani atalaumiwa? Mizani haina ukoo. Alikuwa amefikiri usiku ngapi mpaka akaipata njia hiyo? Akaiba mawe, akayavaa, akaja kwa mtu mmoja duniani ambaye alihitaji kusema ukweli tu. Akamwambia kwa lugha yao wenyewe: kilo zangu, leo nazitaka.

“Ratili, unakwenda wapi? Ratili!”

Aliyapokonya mawe, akakimbia nayo. Alivuka ukumbi, akapanda ngazi za chumba cha redio mbilimbili. Ndege ilikuwa mwisho wa uwanja, imegeuka, inanguruma.

“Waite!” akamwambia mtu wa redio. “Waambie wasimame. Uzito umekosewa.”

“Umekosewa na nani?”

“Mimi. Nimeandika uongo. Andika hivyo, nitatia sahihi. Waite, ndugu yangu, nakuomba!”

Mtu wa redio alimtazama mara moja, akavaa visikilizio, akaanza kuita. Nje ndege iliachia breki. Ilipita mbele ya dirisha ikitimua vumbi, mkia ukainuka, na magurudumu yakaacha ardhi mapema, bila shida, kama siku yoyote ya baridi.

“Rubani anajibu,” akasema mtu wa redio.

“Anasema nini?”

“Anauliza umezidi kilo ngapi.”

“Mwambie mbili. Mwambie ni hatari. Mwambie arudi, abiria wa mwisho ashuke.”

Mtu wa redio akasema hayo yote. Wakasubiri. Kwenye dirisha ndege ilikuwa imekuwa ndogo, imelala ubavu kidogo, inageuka kuelekea kule iendako. Kisha visikilizio vikakwaruza.

“Anasema ndege imepaa vizuri. Kilo mbili si kitu. Anaendelea na safari.” Akavivua, akasita. “Anakusalimu. Anasema hakujua kama Ratili naye hukosea.”

Ratili alishuka zile ngazi moja moja. Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu, isipokuwa shangazi, aliyekaa kwenye benchi lilelile akijifuta macho kwa ncha ya leso. Alipomwona alisimama. Ratili alitaka kupita, lakini mwanamke yule alimzuia kwa mkono.

“Ngoja, mwanangu. Nina neno.”

“Sema, Mama.”

“Nilikuogopa leo. Nakwambia kweli, usiku sikulala. Nilijua wewe ndiye mlango wa mwisho, na kwa yale niliyokwambia siku ile, nilijua utatuwekea kigingi. Ungeandika namba yoyote pale, nani angejua? Nilikuwa nimesimama namwomba Mungu.” Akaikunja leso yake. “Wewe ukamwachia apite. Watu husema tenda wema nenda zako, lakini mimi siwezi kuondoka bila kukushukuru. Kumbe ulimpenda kweli.”

“Ndiyo, Mama.”

“Kwa nini hatukukujua mapema?”

Mawe yalikuwa bado mikononi mwa Ratili, na joto lake lilikuwa limeshaondoka.

“Usiniite Mama tena kama wasafiri,” alisema yule mwanamke, akampapasa begani. “Niite shangazi.”

Mzee Kufuli alikuja na ufunguo wake, akimtafuta. Alianza kugomba, akaona uso wa Ratili, akanyamaza. Alimbandua vidole kimoja kimoja, akachukua jiwe la kwanza, halafu la pili, akaenda kuyafungia.